Nani Anakuona, Sabuni?

Wazo la kutajirika lilimjia Sabuni akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimeinamishwa, mashine inamkwangua kisogo. Hakutikisika. Wazo lilikuwa zuri, lakini si la kulipia kwa sikio.

Lilimjia kupitia kioo. Nyuma yake, kwenye benchi la wanaosubiri zamu, walikaa wanaume watatu wa mtaa ule: mfamasia, mwenye shule ya chekechea na mwenye yadi ya magari yaliyotumika. Kila mmoja alikuwa ameikumbatia simu yake, kiganja kikiikinga kama mtu anayewasha kibiriti penye upepo. Wote watatu walikuwa na kripto, zile sarafu za mtandaoni. Wote walijua ni siri kubwa. Na kila mmoja alikuwa amewanong'oneza wenzake siri hiyo, akiwaomba kwa heshima na taadhima isitoke nje.

"Mimi mke wangu hajui kitu," mfamasia alisema chini chini.

"Afadhali mke. Mimi nina kaka zangu," alisema mwenye shule. "Wakijua, watoto wao wote watasoma kwangu bure mpaka waote ndevu."

"Nyie bado hamjasema. Mimi watu wa kodi," alisema mwenye yadi, na kinyozi, ambaye hadi hapo alikuwa ameshajua yote, akaizima mashine ili asipitwe na neno.

Kisha Sabuni akaona kitu kilichomfanya ayapende maisha. Mfamasia, huku akiificha simu yake kwa wenzake wa kulia na wa kushoto, alifungua ukurasa mmoja wa bei za sarafu. Likaruka sanduku lenye maandishi marefu kuliko mkataba wa nyumba. Dole gumba la mfamasia halikusoma. Liligonga "Nakubali yote" kama mtu anayeua mbu.

Sabuni aliitwa hivyo kwa sababu mbili: alinukia vizuri, na kila aliyedhani amemshika alibaki na povu. Zamani kidogo aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya matangazo ya mtandaoni, kabla yeye na kampuni hawajatofautiana kuhusu matumizi ya vocha za ofisi. Huko alijifunza jambo moja la maana, kwamba ukurasa ukifunguliwa haukai bure. Kabla hujasoma neno la kwanza, wenyewe umeshaandika pembeni: simu yako ni ya aina gani, umeiweka lugha ipi, chaji imebaki kiasi gani, intaneti unayotumia ni ya nani na kwa hiyo uko upande gani wa mji, umeingia saa ngapi, umekodoa macho wapi, na umetokea ukurasa gani kabla ya huu. Hilo la mwisho naomba tuliweke pembeni. Sabuni naye aliliweka pembeni, ila yeye aliliweka mbali mno.

Na mkoba wa kripto, pale sarafu hizo zinapotunzwa? Ukishaijua anwani yake, kila kilichoingia na kutoka kiko wazi kwa dunia nzima. Jina tu ndilo halipo. Lakini anwani iliyoandikwa na mtu fulani, kwenye simu fulani, nyuma ya kaunta ya dawa, inahitaji jina la nini tena?

"Hawa wanaziba tundu la ufunguo," Sabuni aliwaza, "na ukuta wa mbele haupo."

Akamlipa kinyozi, akampa na bakshishi. Alijisikia mkarimu kwa fedha ambazo bado zilikuwa mifukoni mwa watu.

Akapanga chumba juu ya duka la magodoro, karibu na soko. Fundi kompyuta mmoja akamtengenezea ukurasa, akaondoka bila kuuliza maswali, kwa kuwa maswali hayakuwemo kwenye bei. Ukurasa uliitwa Nani Anakuona? Juu kabisa palikuwa na jicho linalopepesa, chini yake maneno ambayo Sabuni aliyapenda kuliko yote aliyowahi kuyabuni: Ondoa shaka, weka imani. Kisha kisanduku: andika anwani ya mkoba wako, tukupime bure.

Watu wakaandika. Walikuja kwa makundi kupimwa kama kuna mtu anawaona, na kwa kuja kwao wakaonekana.

Mfamasia ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alipanda ngazi akinusa godoro jipya na kuangalia nyuma.

"Karibu, daktari. Jana mchana hukula," Sabuni alianza.

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa unaangalia bei. Unaingia, unatoka, unarudi. Ukaangalia tena ukiwa na chaji ya kubahatisha. Simu yako ni ya zamani lakini ya heshima. Intaneti ni ya duka la dawa. Na mkoba wako..." Akaandika kiasi kwenye kikaratasi, akakisukuma taratibu juu ya meza.

Mfamasia alikisoma kama mtu anayesoma majibu ya vipimo vyake mwenyewe. "Nani mwingine anajua?"

"Kila ukurasa uliougongea 'Nakubali yote'."

"Mungu wangu! Niligonga kurasa zote!"

"Ndiyo maana nimekuita, daktari. Wengine huwa tunachelewa kuwaita." Sabuni alitazama dirishani kwa huzuni ya mtu aliyezika wengi.

"Mke wangu anaweza kuona?"

"Mama anatumia intaneti?"

"Kutwa nzima!"

Sabuni alitikisa kichwa tu, na kichwa kile kilikuwa na mafunzo.

Dawa yake iliitwa Pazia. Pazia lilikuwa picha ya kufuli la kijani linalokaa kwenye kona ya kioo cha simu. Ukiligusa, linatetemeka kidogo. Kazi nyingine halikuwa nayo. Mfamasia alililipia kwa kripto, papo hapo, akaligusa, likatetemeka, akashuka ngazi mabega yakiwa juu. Mwenye shule alinunua mawili, moja la simu ambayo huwa haiwaki. Mwenye yadi, mtu wa biashara, alibisha bei kwanza.

"Halafu hili jepesi. Huna zito zaidi?"

"Lipo. Tatizo na bei yake nzito."

"Niletee hilo."

Akapewa kufuli lilelile, la bluu.

Lakini tusimwonee Sabuni. Hakuwa akizitaka fedha hizo kwa ajili ya anasa, ukiacha ile simu mpya. Alikuwa na jambo moja tu moyoni. Ng'ambo ya mji, nyumbani kwa mama mkwe wake, alikuwako mtoto wa kike aliyeitwa Bosi, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyelala, kula wala kuoga bila ruhusa yake. Mama Bosi alikuwa amerudi kwao naye mgongoni wakati Bosi bado anatambaa. Hakugombana. Alisema tu:

"Siku utakayomtajia mama kazi yako bila kukohoa, njoo utuchukue."

Sabuni alijaribu. Alisimama mbele ya mama mkwe, shati limepigwa pasi, akasema, "Mama, mimi ni mshau..." kikohozi kikamkaba. "Mimi ni waka..." kikamkaba tena. Mama mkwe akamletea maji, akamsubiri ayamalize, akamwonyesha geti. Mama huyu alikuwa muuza mitumba wa jumla. Alikuwa amefungua marobota ya nguo maisha yake yote, na lile lililojaa matambara alilijua kabla ya kamba kukatwa.

Basi Sabuni alikuwa amepanga kurudi siku moja na gari, na funguo za nyumba yenye baraza, akiwa amependeza kiasi kwamba swali la kazi litaonekana kukosa adabu.

Wakati wa kusubiri alikuwa na faraja moja. Walipokuwa bado pamoja, mama Bosi alikuwa amesomea kompyuta madarasa ya jioni, na jioni hizo zote Sabuni ndiye aliyetembea koridoni na Bosi begani, huko na huko, mpaka kipindi kiishe. Hakukosa hata kimoja. Kutokana na elimu hiyo mama Bosi alitengeneza ukurasa mdogo wa picha za mtoto, ndugu wa mbali waone anavyokua. Sabuni naye aliona. Kwenye ukurasa wa nyuma wa biashara yake, pale alipowachungulia wateja, aliweka kwenye kona njia ya mkato, ili kwa mguso mmoja atoke kwenye jasho la mfamasia atue kwenye meno ya Bosi. Kila mchana alitua hapo. Kulikuwa na picha moja ambayo Bosi amecheka mdomo wote wazi, meno mawili juu, moja chini linakuja. Sabuni aliifungua, akaifunga, akaifungua. Hakumwambia mtu.

Ndipo akatokea mteja mnono.

Alikuwa akiingia mchana, kama Sabuni mwenyewe. Simu kongwe. Maandishi yamekuzwa mpaka neno moja linajaza kioo. Lugha, Kiswahili. Na anwani ya mkoba aliyoiandika kwenye kisanduku, Sabuni alipokwenda kuitazama, ilibidi akae chini ingawa alikuwa ameshakaa. Kulikuwa na mali humo ya kununua duka la magodoro, magodoro yake, na usingizi wa mtaa mzima. Sabuni alimchora kichwani papo hapo: mzee, mpweke, macho mabovu, watoto wako nje na hawapigi simu. Alimpenda kabla ya kumjua.

Mteja aliacha namba. Sabuni akamwandikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Macho yangu mabovu, andika polepole."

Sabuni alifikiria. "Sasa naandika polepole, mzee."

"Naona. Ahsante. Nimesikia wewe unawaziba watu wasionekane."

"Kabisa mzee wangu. Ondoa shaka, weka imani."

"Na wewe mwenyewe umejiziba?"

"Mimi? Mzee, mimi hata kivuli sina."

"Afadhali. Ngoja nikutumie kitu usome, halafu tuongee biashara."

Ikaja njia ya kufungua ukurasa. Sabuni akaigusa. Likaruka sanduku la maandishi marefu kuliko mkataba wa nyumba. Alikuwa na haraka ya kutajirika, na dole gumba lake, tuseme ukweli, lilikuwa limeumbwa kama la mfamasia.

Nakubali yote.

Ukurasa haukuwa na kitu. Mweupe. Baada ya muda mzee akaandika, na safari hii hakuandika polepole.

"Simu yako mpya, ile ya gharama. Chaji inakwisha, ichomeke. Umeiweka Kiingereza ingawa huandiki Kiingereza. Intaneti unayotumia ni ya duka, upande wa sokoni, si yako. Na kila siku mchana unakwenda kumtazama mtoto mmoja. Ipo picha anacheka, hiyo umeifungua kuliko watu wote. Mtoto wa nani huyo?"

Sabuni alitazama sakafu, ambayo chini yake mwenye duka la magodoro alikuwa akishangilia mpira bila kujua kuwa intaneti yake imetajwa. Akaenda kufunga dirisha. Akaifunika simu kwa kiganja. Kisha akafanya jambo ambalo hangependa lijulikane: aligusa kufuli la kijani kwenye kona ya kioo chake. Likatetemeka kidogo. Na yeye akatetemeka.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mtu anayeona."

"Mtoto hahusiki na kitu."

"Kumbe ni wako."

Sabuni aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta. "Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu mwanangu, nakuonea huruma tu. Kama mimi mwenye macho mabovu nimekuona, fikiria wenye macho mazima. Umewakusanya watu, ukasahau kwamba na wewe ni mtu. Lakini wapo vijana wangu, wanaweza kukufunika wewe na mtoto. Mkoba wako ndio umeshaonekana. Hamishia vyote kwenye mkoba nitakaokupa, vijana wavisafishe, wakurudishie kwenye mkoba mpya usiojulikana."

Hapa inabidi tumpe Sabuni haki yake. Aliutambua utapeli huo kama fundi cherehani anavyoitambua suruali aliyoishona mwenyewe. Neno lile, "wavisafishe", yeye alikuwa amelibuni wiki hiyohiyo kwa ajili ya mwenye yadi, akajipongeza. Aliona kila mshono na kila kifungo, na vyote vilimpigia kelele: kimbia!

Lakini kulikuwa na lile jino la chini linalokuja. Ikiwa mambo yale ni uongo, atapoteza mali. Ikiwa kuna chembe ya kweli, kuna mtu mahali fulani anamtazama Bosi akicheka. Sabuni alijaribu kulipima jambo hilo kwa akili zake za mjini, na kwa mara ya kwanza akili za mjini zikamwambia hazihusiki.

Akahamisha vyote. Gari, nyumba, baraza, vyote vikaenda kwa kidole kimoja.

"Tayari mzee. Mfunikeni mtoto kwanza."

Sabuni akasubiri jibu, kisha akaacha kusubiri. Akashuka ngazi akiruka magodoro, akadandia pikipiki ya abiria, akavuka mji huku akimwambia dereva aongeze mwendo kwa lugha ambayo haikunukia sabuni hata kidogo.

Mama mkwe alikuwa uani, amekaa kwenye robota ambalo halijafunguliwa, simu yake kongwe mapajani.

"Shikamoo mama! Fungeni geti! Futeni picha za Bosi, zote! Kuna mzee mmoja mtandaoni, anaona kila kitu, anajua..."

"Marahaba," alisema mama mkwe. "Ongea polepole. Macho yangu mabovu."

Mama mkwe akaigusa simu mapajani ikawaka, na maandishi yake yalisomeka kutoka getini: Mfunikeni mtoto kwanza.

Mama Bosi akatoka ndani, Bosi kiunoni.

"Kila anayeingia kwenye ukurasa wa Bosi anatuachia alama ya alikotokea," alisema. Hakupandisha sauti, ndivyo alivyokuwa akiongea mtoto akiwa macho. "Shangazi huwa anatokea kwenye barua pepe niliyomtumia. Wewe ulikuwa unatokea kwenye ukurasa unaoitwa Nani Anakuona. Nikaufungua. Juu imeandikwa, ondoa shaka, weka imani. Hivi kweli, baba Bosi? Maneno uliyonichumbia nayo?"

"Yalikuwa mazuri," alisema Sabuni kwa sauti ndogo. "Na ule mkoba mnono?"

"Sijui wa nani. Uko wazi mtandaoni, kila mtu anauona. Niliandika anwani yake kwenye kisanduku chako. Hukuuliza kama ni wangu."

"Lakini pale watu hawadanganyi!" Sabuni alilalamika, kwa uchungu wa kweli kabisa.

Mama mkwe alicheka mpaka robota likatikisika.

"Na vitu vyangu?"

"Vyako vipi?" aliuliza mama Bosi. "Mikoba iliyokulipa inaonekana, kama ulivyoiona wewe. Kila kitu kimerudi kilikotoka, sasa hivi, wakati uko kwenye pikipiki."

"Vyote?"

"Kulikuwa na kile kidogo chako, ulichoanzia," alisema mama mkwe. "Nilishamkopa muuza viatu kwa kukitegemea hicho." Akaonyesha kwa kidevu.

Bosi alikuwa na viatu vipya, vyekundu. Mama yake akamshusha chini. Bosi akasimama, akayumba, akamtazama yule mwanaume aliyejaa vumbi, akaanza kumwendea kwa miguu yake miwili. Picha zilikuwa hazijamwambia Sabuni kwamba anatembea. Alipofika akashika suruali ya baba yake, akaivuta, kama bosi anayeulizia taarifa ya mwezi.

"Kwa nini hukusema kama unakuja kumwangalia kila siku?" mama Bosi aliuliza.

Sabuni alikuwa amepiga magoti, hivyo ilikuwa vigumu kuuona uso wake. "Nilidhani haionekani."

"Ndiyo iliyokuingiza getini," alisema mama mkwe. "Kwa ule wizi peke yake, ungenikuta kituo cha polisi."

Simu ya Sabuni ikalia. Mama mkwe akaashiria aiweke kwa sauti wote wasikie.

"Sabuni! Nimekwisha!" Alikuwa mfamasia. "Kuna fedha imeingia kwenye mkoba wangu!"

"Si vizuri, daktari?"

"Vizuri wapi? Nani anaujua mkoba wangu? Nani siku hizi ana roho nzuri namna hiyo? Niuzie Pazia jingine. Lile zito, la bluu!"

Bosi alikuwa ametia kidole kwenye sikio la baba yake. Sabuni akapumua.

"Daktari, Pazia ni picha tu. Nisikilize. Anwani ya mkoba wako usiiandike kwenye kisanduku cha mtu usiyemjua. Mkoba wa akiba usiwe ndio wa kulipia watu. Sanduku likiruka, soma. Pakiwa na 'Nakataa', gonga hapo. Mambo yako usiyafungue kwa intaneti ya dukani. Na yale maneno ya siri ya kufungulia mkoba usimpe mtu, hata akilia. Hata mimi nikilia."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hutakuwa umejificha kabisa, lakini utakuwa umevaa nguo."

"Kiasi gani?"

"Bure."

Sauti ya mfamasia ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Bure? Sabuni, siku zote nimekuamini. Leo ndio umeamua kunitapeli?"

Mama mkwe akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Habari za kazi, daktari? Hapa ni ofisini. Kijana kakosea. Ushauri huo ni wa kulipia." Akataja bei, ya kawaida, ya mtu aliyezoea kuuza kitu ambacho kipo.

"Haa!" Mfamasia alishusha pumzi. "Sasa tunaelewana. Nakuja. Na mwenye shule nitamleta. Ila mama, asijue mtu."

Simu ikakatwa. Mama mkwe akajiweka sawa juu ya robota lake.

"Haya, mkwe wangu. Kazi yako ni nini?"

Sabuni alisimama, akajipangusa vumbi, akambeba Bosi vizuri.

"Nawafundisha watu kujisitiri mtandaoni, mama."

Wakasubiri. Mama Bosi alikuwa ameshika mlango. Kikohozi kikaja, kidogo, kikavu, cha heshima.

Wote wakageuka kumtazama Bosi.

"Hicho," alisema mama mkwe, akikaza macho yake mabovu, "si cha upande wetu."